Marehemu wa Seva ya Mazoezi

Mjukuu wangu aliniua siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, kwa idhini yangu mwenyewe. Idhini nilimpa jikoni, tukinywa chai.

Anafanya kazi hospitalini, si ya kudunga watu sindano, ni ya kuunganisha kompyuta. Nyumbani tunamwita Bi Nyaya, maana tangu mdogo hakuona waya akaupita hivihivi. Jioni ile aliingia na uso wa mtu anayetaka kuazima kitu asichokuwa na uhakika kama atakirudisha.

"Bibi, nataka kukutumia."

"Unitume wapi, mke mwenzangu, na miguu hii?"

"Sikutumi. Nataka kulitumia jina lako."

Akanieleza, nami nikaelewa kwa kadiri ya mtu aliyeishia darasa la saba. Hospitali yao ina seva mbili. Seva ni kompyuta kubwa inayofungiwa kwenye chumba cha baridi, na kazi yake ni kutunza habari za wagonjwa wote. Kompyuta za wodini hazina habari yoyote tumboni mwake. Nesi akiandika jina la mgonjwa, kompyuta yake inakwenda kuuliza kwa seva, inarudi na jibu. Seva ya kwanza ni ya kweli. Ya pili ni ya mazoezi: walichukua nakala ya ile ya kweli miezi mitatu nyuma, wakaiweka pembeni manesi wajifunzie bila kuharibu kitu. Humo unaweza kumlaza mtu, ukampa dawa, ukamhamisha wodi, na mwenyewe yuko sokoni anachagua vitunguu.

"Sasa somo la mwisho ni kufunga faili la mtu aliyefariki," akasema. "Kila ninayemwomba jina lake hataki. Mmoja ameniambia nimwandike mama mkwe wake."

"Niandike mimi. Kifo cha kwenye kompyuta hakina sanda."

"Kweli, Bibi? Hutaota usiku?"

"Faili la presha ninalo pale miaka tisa. Kaniue vizuri tu, usiniache nusunusu."

Alipokuwa anafunga begi lake nikamtegea kitendawili, kwa kuwa hatoki kwangu bila kimoja. Mtu mmoja, ukimtafuta huku ni mzima, ukimtafuta kule ni marehemu. Akasema, "Wewe hapo, Bibi." Nikamwambia amepata, aende zake. Tukacheka.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu wa kiume akalazwa hospitali hiyohiyo. Watu wanamwita Fundi Saa kwa sababu ndiyo kazi yake, miaka arobaini ameinamia saa za watu na kioo jichoni. Alikanyaga msumari, akakifunika kidonda kwa soksi, akaendelea na kazi mpaka mguu ukanuka. Jumamosi tukampeleka, na vidonge vyake vya moyo mfukoni. Jumapili wakamdunga sindano ya dawa nyeupe kama maziwa, na hapo ndipo nilipoijua hofu sura yake.

Haikuchukua muda hata wa kukunja shuka. Uso wake uliumuka kama unga uliotiwa hamira, macho yakazama, na kooni ikaanza filimbi. Kila alipovuta pumzi, filimbi. Daktari wa siku hiyo, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alihangaika naye saa nzima ndipo akamrudisha. Alipomaliza alikaa kwenye kompyuta akaandika, kisha akanigeuzia kioo nione. Juu ya jina la ndugu yangu palikuwa na mstari mwekundu.

"Mama, dawa hii asipewe tena maisha yake yote," akaniambia. "Mara ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Lakini usihofu. Kuanzia leo mtu yeyote akijaribu kumwandikia, kompyuta italia na kukataa."

Akafunga na kadi nyekundu kwenye chuma cha kitanda. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeukabidhi uhai wa ndugu yangu kwa mstari mwekundu, nikalala.

Jumatano wodi nzima ikahamishiwa jengo jipya. Jengo la zamani likazimwa umeme. Wagonjwa walibebwa kwa vitanda vya magurudumu, wakawekwa kwenye vitanda vipya ambavyo bado vilikuwa na nailoni miguuni. Cha zamani cha Fundi Saa kilibaki kulekule, na kadi yake nyekundu ikining'inia. Hakuna aliyeikumbuka. Mimi pia sikuikumbuka.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa pembeni mwa kitanda chake, cha sita kutoka mlangoni, puani harufu ya rangi mbichi. Daktari mwingine, kijana aliyeanza zamu yake siku hiyo, alikuwa ameshapita, akakitazama kidonda, akaandika dawa ya kuua vijidudu. Akaja nesi wa zamu na dripu mkononi. Fundi Saa alikuwa ameshampa jina la Sista Haraka, kwa vile alivyokuwa akitembea.

"Fundi, kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Ipo. Jumapili ilinivimbisha nikawa kama boga."

"Inaitwaje?"

"Mimi najua majina ya saa, Sista. Imeandikwa kwenye kompyuta yenu."

Sista akaenda mpaka kwenye meza iliyo mwisho wa wodi, akaangalia, akarudi. "Hakuna kilichoandikwa. Hata kulazwa kwako Jumamosi sikukuona, ilibidi nikusajili upya. Nadhani habari za wodi ya zamani bado hazijafika huku."

"Na hii siyo ile?" nikauliza mimi. "Ile ilikuwa nyeupe, ya kudunga."

"Hii ni ya kutundika, angalia, safi kama maji. Halafu mama, ingekuwa ile, kompyuta ingelia. Imenyamaza kimya."

Nikatulia, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa Jumapili, kwamba ingelia. Sista akatundika, akalizungusha gurudumu dogo la kwenye mpira, akasema matone ishirini kwa dakika, akaondoka kwa mwendo wake.

Fundi Saa akatoa saa mfukoni mwa pajama. Akahesabu. "Ishirini na nne." Akahesabu tena. "Kumi na tisa. Dada, hiki kitu hakina mizani." Akanyoosha mkono, akalifunga gurudumu.

"Wewe ni fundi wa saa, si fundi wa watu. Acha dawa ya watu."

"Saa ikienda hivi nairudisha kwa mwenyewe."

"Irudishe ukishapona."

Nikainuka nikalifungua mimi. Naomba msomaji aujue mkono uliofanya hivyo: ni huu wa kulia, ninaoandikia. Nikaona tone la kwanza likianguka, na la pili, nikaridhika.

Haikupita muda kichwa kikaanza kunizunguka. Dawa zangu za presha zilikuwa zimekwisha na nilikuwa napuuza. Nikajikokota mpaka kwenye meza ya Sista. Akanifunga kile kitambaa mkononi, kikanibana, kikaachia.

"Iko juu sana. Una faili hapa? Nipe kadi nione dawa unazotumia."

Nikampa. Akaandika namba, akatulia. Akanitazama, akaitazama kadi, akaandika tena, taratibu, namba moja moja.

"Mama, kadi hii ni yako kweli?"

"Miaka tisa."

"Basi kuna aliyekosea, samahani sana." Akashusha sauti. "Hapa inasema mwenye faili amefariki."

Nikacheka. Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha kwanza akageuka. "Jumanne, saa tisa alasiri?"

Sista akasoma. "Umejuaje?"

Hapo nikaacha kucheka.

Kitendawili changu mwenyewe kilikuwa kimesimama mbele yangu kikinikodolea macho. Huku mzima, kule marehemu. Nilikuwa nimekufa mahali pamoja tu duniani, kwenye seva ya mazoezi. Basi kompyuta hii, iliyoniona nimekufa, ilikuwa inauliza kwenye mazoezi. Na mazoezi ni nakala ya miezi mitatu nyuma. Miezi mitatu nyuma Fundi Saa alikuwa hajakanyaga msumari, hajadungwa, hajavimba. Kule hapakuwa na mstari mwekundu. Kompyuta haikulia kwa sababu haikuwa na la kulilia.

"Sista, dawa ile ifungwe."

"Mama, kaa kwanza. Presha yako—"

"Kompyuta yako inaongea na seva ya mazoezi. Mimi nimekufa kwenye mazoezi."

Nilivyojisikia nikisema hayo, hata mimi nisingejiamini. Akanishika bega kwa upole, kama mtu anavyomshika mzee aliyepotea. "Ni hitilafu kwenye faili lako tu. Dawa imeandikwa na daktari, siwezi kuifunga kwa ajili ya..."

"Ya marehemu," nikammalizia, nikaondoka.

Wodi ile ina vitanda kumi na viwili. Kutoka mezani mpaka cha sita ni safari ya vitanda sita, na sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule. Sakafu ilikuwa mpya, inateleza, ndala zangu zinalia. Nilikuwa nikitazama chupa ile iliyotundikwa, nikijaribu kuona imepungua kiasi gani. Fundi Saa alikuwa anajikuna shingoni.

Nikalifunga gurudumu kwa mkono uleule.

"Dada, si umesema tusiguse?"

"Nyamaza."

"Humu mna joto, au ni mimi?"

Nikamshika kidevu nikamgeuzia dirishani. Shingoni palikuwa na mabaka mekundu, yanakua nikiyatazama. Akafungua mdomo anitanie tena, na badala ya neno ikatoka filimbi.

Sista Haraka alikuwa nyuma yangu. Kumbe alinifuata ili kunirudisha kwenye kiti. Alipoisikia filimbi ile hakuuliza kitu. Akaichomoa dripu, akamlaza chali, akafungua sanduku la dharura, akapiga kelele moja tu ya kumwita daktari. Wakamdunga sindano ya dharura pajani, wakamwekea hewa. Mimi nilisimama miguuni mwa kitanda nimeshika saa yake, iliyokuwa imeanguka kwenye shuka.

Pumzi ikarudi kidogo. Halafu ikazama tena.

"Haishiki," daktari akasema. Alikuwa kijana, jasho limemjaa juu ya mdomo. "Nimempa mara mbili na haishiki. Jumapili walimrudisha kwa dawa gani?"

"Ni mama mmoja mnene, sauti taratibu," nikasema. "Aliandika yote kwenye kompyuta."

"Najua ni nani. Yuko safarini, simu haipatikani tangu asubuhi. Tafuteni hilo faili."

Sista akapiga simu wodi ya wazazi, wamsomee kutoka kwao. Wakajaribu. Kompyuta yao ikakataa. Kila wodi hufunguliwa wagonjwa wake tu. Mapokezi nao huona majina, hawaoni matibabu. Kilichomwokoa ndugu yangu Jumapili kilikuwa kimeandikwa kwenye seva ya kweli, na katika jengo lote lile hapakuwa na kompyuta inayoongea nayo.

Nikampigia Bi Nyaya. Sikumsalimu.

"Mke mwenzangu, nimekufa kwenye kompyuta ya wodi mpya."

"Bibi, sema tena."

"Nimekufa Jumanne saa tisa alasiri. Kompyuta ya kwenye meza ya Sista. Na babu yako amepewa ile dawa ya Jumapili, safari hii ya kutundika."

Simu haikukatwa, ila nilisikia nyayo zikikimbia.

Alifika hana kiatu kimoja. Hakumtazama babu yake. Nadhani angemtazama asingeweza kukaa. Kulikuwa na kompyuta mbili pale, ya Sista na nyingine ya pembeni. Akakaa kwenye ile ya pembeni, akafungua faili dogo lenye mistari mitatu tu. Nilikuwa begani kwake, nikaisoma: jina, anwani, namba ya mlango. Kumbe ndiyo hivyo kompyuta inavyoijua seva, kama bahasha inavyoijua nyumba. Nesi hubonyeza jina WODI, kompyuta inaangalia kwenye kijifaili hicho WODI anakaa wapi, inakwenda kugonga.

Kidole chake kikasimama kwenye anwani. "Jina ni sahihi," akasema polepole. "Mlango ni sahihi. Nyumba siyo."

"Umefanyaje?" Sista akauliza.

"Nilinakili faili hili kutoka chumba cha mafunzo. Kule niliipa seva ya mazoezi jina lilelile la WODI, ili msihangaike na majina mawili. Juzi nikalibeba, nikaliweka kwenye kompyuta zote sita za jengo hili." Akapangusa macho kwa mkono wa nguo. "Na nilijaribu. Iliandika kijani, Umeunganishwa. Nilipima kama kuna anayeitika, Bibi. Sikupima ni nani aliyeitika."

"Utalia kesho. Andika."

Akafuta namba za mwisho, akaandika nyingine, akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Nyuma yetu filimbi ilikuwa imebadilika, inatoka kwa mbali, kama inapigwa nje ya ukuta. Kioo kikaandika kwa rangi nyekundu: Muunganisho umekataliwa.

"Nini tena?"

"Seva ya kweli ina mlinzi. Anafungulia anwani anazozijua tu, na za jengo hili hajaambiwa. Ya mazoezi inapokea yeyote." Akajipiga paji la uso. "Ningeweka anwani sahihi juzi, ingenikataa juzi, nami ningejua."

Akampigia simu bwana wa chumba cha seva, ambaye ofisi nzima inamwita Kufuli; hufungua milango ya seva, lakini faili za wagonjwa zenyewe haruhusiwi kuzisoma. Aliiweka sauti nje, tukasikia wote.

"Kufuli, nifungulie anwani za jengo jipya, mlango wa kanzidata. Sasa hivi."

"Salaam aleko na wewe. Fomu iko wapi?"

"Nitaleta."

"Fomu kwanza, sahihi ya mkuu, halafu mimi. Unanijua."

"Kufuli, nisikilize. Babu yangu yuko kitanda cha sita, hapumui vizuri, na dawa yake imeandikwa ndani ya seva yako. Kosa ni langu. Niletee hata fomu ya kuachishwa kazi, nitaisaini. Fungua."

Tukasikia kiti kikikwaruza sakafu, kisha vidole kwenye kibodi.

"Zinaanzia ngapi?"

Akamsomea. Namba zile zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, na sauti yake ilikuwa inavunjika katikati.

"Rudia ya tatu. Usikimbie. Ukikosea tarakimu moja namfungulia mtu mwingine."

Akarudia. Daktari akasema nyuma yetu, bila kupaza sauti, "Dakika chache, jamani. Sina zaidi." Nikaitazama saa ya ndugu yangu kiganjani. Mshale wa sekunde ulikuwa unatembea bila aibu yoyote.

"Jaribu," Kufuli akasema.

Akabonyeza. Kiduara. Kijani. Umeunganishwa.

Mkono wake ukaenda kwenye jina la babu yake, ukasimama hewani. "Juzi pia iliniambia hivihivi," akasema. Akanigeukia, macho yamejaa. "Bibi, namba yako."

Nikamtajia, naye akaandika.

Nimezaa, nimezika, nimepita mahali pengi penye giza. Lakini sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri pale, nimesimama nyuma ya kiti, kioo kiniambie kama ni mzima. Ningekuwa marehemu, ndugu yangu naye angekuwa nyuma yangu njiani.

Jina langu likatokea. Chini yake: Hai. Presha. Dawa zilikwisha siku kumi zilizopita, mgonjwa hajafika kuchukua.

"Ndiyo yenyewe," nikasema. "Ya mazoezi isingenigombeza."

Akaandika namba ya Fundi Saa, na kompyuta ikalia. Ililia kweli, mlio mkali wa kukera, mstari mwekundu umejaa kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Sista Haraka akainama akasoma kwa sauti, kila neno: kwamba vidonge vya moyo anavyomeza mgonjwa vinaizuia sindano ya dharura isifanye kazi, apewe dawa nyingine, jina lake hili, kiasi hiki, kwa mshipa, polepole. Daktari alikuwa ameshafungua kabati kabla hajamaliza.

Wakampa. Nikasogea kichwani kwake, nikaanza kuhesabu pumzi zake kwa saa yake mwenyewe. Kumi na moja zenye filimbi. Kumi na tatu. Nikakosea nikaanza upya. Nilikuwa nahesabu ili nisifikirie mkono wangu. Sijui nilifika ngapi, ila kulikuwa na pumzi moja iliyotoka bila sauti, nikadhani ndiyo ya mwisho. Ikafuata nyingine, kimya vilevile, na nyingine.

"Dada," akasema Fundi Saa, macho bado yamevimba hayafunguki. "Saa yangu usiibane hivyo. Kioo chake hakipatikani siku hizi."

Daktari akakaa chini sakafuni, kwenye rangi mpya, na koti lake jeupe.

Ningependa kusema tulipumzika. Bi Nyaya alimbusu babu yake kwenye paji la uso, akaambiwa, "Mke wangu mdogo, nasikia kiatu kimoja tu, kingine umekiacha ukimkimbia nani?" Kisha akarudi mezani haraka. Sista alikuwa anataka kubadilisha anwani ya kompyuta yake pia, yaishe.

"Hiyo usiiguse," Bi Nyaya akasema.

"Kwa nini? Si ndiyo mbovu?"

"Tangu asubuhi mmempa nani dawa?"

"Wote kumi na mmoja waliobaki."

"Na mmeandika humo. Kwenye mazoezi. Nikiigeuza sasa, mtafungua faili za kweli na mtaona hakuna aliyepewa kitu. Zamu ya mchana watawapa tena."

Sista akaondoa mkono kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria ya moto.

Basi nikaomba penseli. Mwandiko wangu ni ule wa zamani, wa kugongwa vidole na rula ukikosea, na hata leo unasomeka. Sista akawa anasoma kutoka kwenye seva ya uongo: kitanda, jina, dawa, kiasi, saa. Mimi naandika kwenye karatasi. Bi Nyaya anaandika upya kwenye ile ya kweli. Kila tulipomaliza mgonjwa mmoja, Sista alikwenda mpaka kitandani akauliza na kutazama. Tulipofika kitanda cha kumi na mbili ndipo zile kompyuta tano zikageuzwa, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Niliona ni sawa uchoke.

Jioni Bi Nyaya alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake, akaeleza kabla hajaulizwa. Walimsimamisha mwezi mmoja. Akaupitishia kwangu, akikaanga vitunguu vikiungua. Aliporudi kazini, seva ya mazoezi ikapewa jina lake yenyewe, tofauti na WODI, na kioo chake kikawa cha njano. Lakini yeye hakuuamini unjano peke yake. Aliandika kanuni, wakaikubali, imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha Kufuli: kompyuta yoyote mpya, kabla haijakabidhiwa kwa nesi, itafute namba yangu. Nikitokea hai, imefika. Nikitokea marehemu, ifungwe.

Kwa hiyo siku nyingine niko bustanini napalilia, simu inalia. "Bibi, meno mawili mapya leo," yaani kompyuta za kliniki ya meno. "Umeonekana mzima kwa zote." Mimi nasema ahsante. Lakini kila mara, kabla hajasema, kuna nafasi ndogo ya kimya, na katika kimya hicho nasikia ile filimbi.

Juzi nikamuuliza, tukiwa jikoni palepale. Fundi Saa alikuwepo, mguu juu ya stuli, anatengeneza saa ya jirani.

"Mke mwenzangu, nakutegea kimoja. Siku nitakapoandikwa kwenye ile ya kweli, nitakuwa marehemu huku na marehemu kule. Mtazitofautishaje?"

Akakoroga chai muda mrefu. Nilidhani atasema ameshindwa.

"Siku hiyo, Bibi," akasema, hakuniangalia, "nitakufufua kwenye ile ya mazoezi."

Fundi Saa akaondoa kioo jichoni akatutazama sote wawili. Kisha nikainuka, nikaenda kabatini, nikameza dawa zangu za presha, za jioni, kwa saa yake.